Mwaka niliopunguza shira

Siku ya nne ya Idi, nikifagia baraza, niliokota visheti kumi na moja nyuma ya kopo la mshubiri. Vilikuwa vyangu. Kimoja kilikuwa na alama za meno mawili ya mbele: mtu alijaribu, akaghairi. Sisimizi walikuwa wamepita njia yao pembeni hapo hapo, wala hawakugeuka kuviangalia.

Nilivipika kwa unga wa atta, bila samli na bila shira, nikavichoma kwenye oveni badala ya kuvikaanga. Tende nilizisaga nikazichanganya na unga ili visikose utamu kabisa. Mama mkwe alikaa pale jikoni kwenye kibao chake cha mbuzi tangu nilipochekecha unga mpaka nilipofungua oveni, asitie neno, na aliyeolewa anajua kimya cha mama mkwe jikoni kina maana gani. Mwisho akakichukua kimoja, akakigonga kwenye ukingo wa sinia, kikalia.

"Mwanangu," akaniuliza, "hivi vya kula au vya kujengea?"

Niseme kilichonifikisha huko. Miezi miwili kabla ya Ramadhani ya mwaka huo, mwanangu wa pili, wa kiume, aliyekuwa na miaka sita, aling'olewa magego mawili ya utotoni. Yalikuwa yameoza mpaka ndani. Daktari wa meno hakunigombeza. Aliniuliza tu mtoto anakula nini akitoka skuli, nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba anakula chakula cha nyumbani. Akauliza chai yake inatiwa vijiko vingapi. Nikaangalia dirishani.

Nikarudi nyumbani na moto wa mtu aliyetubu jana. Nikatangaza kwamba Idi ya mwaka huu haina sukari.

Kwa asiyeijua sikukuu ya Unguja, aelewe nilikuwa natangaza vita na nani. Kwetu Idi ni siku nne. Asubuhi watoto wanavaa nguo mpya, wanapita nyumba hadi nyumba kusalimia na kudai sikukuu yao, yaani zile shilingi wanazopewa mkononi, na kila nyumba ina sahani iliyofunikwa kawa: visheti, kaimati, vileja, kashata, tambi, halua. Jioni wanakwenda Mnazi Mmoja au Kariakoo, kwenye mapembea na taa na wauza vitu. Pemba wenzao wanakwenda Tibirinzi. Sisi tunakaa Kikwajuni, Mnazi Mmoja ni kutoka mlangoni na kutembea kidogo, kwa hiyo nyumba yetu ni njia ya watoto wa mtaa mzima. Sahani yetu haikai na kitu.

Mwaka ule ilikaa nacho siku nne.

Nilipoviokota vile visheti kumi na moja nilidhani nimeshindwa kwa sababu ya ladha. Nikamwita binti yangu mkubwa, ana miaka tisa wakati huo, nikamuuliza kwa upole ni nani aliyevitupa. Akakiri haraka kuliko nilivyotarajia.

"Mimi, mama. Wenzangu walikuwa wanakuja."

"Na wakija?"

"Watasema sisi hatuna sukari."

Hapo ndipo niliponyamaza kama nilivyonyamaza kwa daktari. Mtoto hakuvitupa kwa kuwa ni vigumu, ingawa vilikuwa vigumu. Alivitupa kwa kuona haya. Sahani ya sikukuu ndiyo inayomfanya mtoto awe mwenyeji mbele ya wenziwe, na mimi nilimwekea mbele ya wageni wake sahani inayosema kwao wamefilisika. Kila nilichojifunza baadaye kuhusu vitafunwa vya watoto kimeanzia pale barazani: kipungue kinachopungua, lakini chakula kiwe kile kile cha sikukuu, na kionekane hivyo kwa mbali.

Idi ya Hajj ikaja miezi miwili na siku kidogo baadaye, nikajaribu tena. Safari hii nilirudisha samli. Samli ndiyo inayovifanya visheti vimong'onyoke. Ukiitoa, unga unashikana na kuwa kama ule uliokuwa kwenye sinia yangu. Nikarudisha karai na mafuta pia. Nikasema nitapunguza kwenye shira peke yake, kwa akili niliyoiona ni nyepesi: sukari kikombe kimoja badala ya viwili, maji nikayaacha pale pale.

Asiyewahi kupika visheti hataona kosa. Aliyewahi ameshacheka. Shira ya visheti ni vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, inachemka mpaka ukiinua mwiko tone la mwisho linavuta uzi. Ikifika hapo, ukimwaga visheti na kugeuza, inaganda juu yake na kuwa nyeupe. Shira yangu ilikuwa na maji mengi, nikakosa subira ya kuyachemsha yote yaishe, nikamwaga visheti mapema. Vikainywa. Usiku vilikuwa vikavu vizuri, asubuhi vilikuwa laini kama mkate uliochovywa chai. Tena, kwa kujifanya mjuzi, nilikuwa nimekamulia ndimu. Ndimu ni ya shira ya kaimati, ile tunayotaka ibaki inamwagika. Ukiitia kwenye shira ya visheti unaizuia kuganda, na kuganda ndiko tunakokutaka.

Mama mkwe ndiye aliyenitoa, na alinitoa kwa sentensi moja. "Usiharibu shira," akasema, "ipunguze." Maana yake iwe nzito vile vile, mbili kwa moja, ila sufuria iwe na nusu ya kawaida. Kwa nusu kilo ya unga sasa natia kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji. Inapovuta uzi naepua, namimina visheti vikiwa vimepoa, na mtu mmoja anageuza bila kusimama mpaka mkono uume. Shira kidogo haitoshi kufunika kisheti chote, inafunika migongo. Lakini ulimi unagusa mgongo kwanza, na unga wa ndani wenyewe haukuwahi kuwa na sukari hata zamani. Ikiwa utamu wote uko juu, safu nyembamba inamtosha anayekula.

La pili ni udogo. Zamani nusu kilo ya unga ilinitolea visheti themanini hivi, na shira yake ilikula gramu 400 za sukari. Hesabu haina siri: gramu tano kwa kisheti kimoja, zaidi ya kijiko cha chai, na mtoto wa Kikwajuni hali kimoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote tunazopata kwa chakula kwa siku, na likasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayekula kilokalori 1,400 hivi, asilimia 10 ni kama gramu 35. Visheti saba vya zamani vinamaliza siku nzima, kabla ya chai, kabla ya soda, kabla Mnazi Mmoja haijawashwa taa. Sasa nusu kilo ile ile inatoa visheti 150, vidogo kama ncha ya kidole gumba, na sukari ni gramu 200. Kila kimoja kina gramu moja na kidogo. Mtoto hana mizani. Anahesabu vipande, na vipande saba vinabaki saba.

Wanaoviviringa ni watoto wenyewe. Nilinunua chanuo mpya, lenye meno mapana, nikaliosha, na kila mmoja akapewa kidonge cha unga akikandamize na kukikunja juu ya meno yale kitoke na mistari. Wa kiume alikuwa anatoa vya ajabu: kimoja kama sikio, kimoja kama jongoo. Sikugusa. Siku ya Idi nilimsikia anawaambia wenziwe mlangoni, "Hichi nimekipika mimi, hichi chenye masikio," na mwenziwe akakitafuta kwenye sahani kama anatafuta pete. Ikawa hakuna tena wa kutupa kitu nyuma ya mshubiri.

Kutokana na mafanikio hayo nikapata kiburi, na kiburi kikanipeleka kwenye tikiti maji.

Binti alitaka sahani yenye mwezi. Idi yenyewe tunaipata kwa mwezi kuandama, kwa nini sahani isiwe na mwezi? Nikafikiri nitahitaji kwenda Darajani kutafuta vikatio vya bati, kumbe gilasi inatosha. Unakata kipande cha tikiti unene wa kidole, unatoa mbegu, unakandamiza mdomo wa gilasi unapata duara. Halafu unasogeza gilasi pembeni kidogo juu ya lile duara na kukandamiza tena. Kinachobaki upande mmoja ni mwezi mwandamo, mwembamba, mwekundu, una pembe zake mbili. Cha kati kinatoka na umbo la jicho, na macho hayakuwahi kufika sahanini, yalikuwa yanaliwa hapo hapo. Nyota zilitushinda kwa gilasi. Binti alizikata kwa kisu kwenye papai, nyingine zina ncha nne, nyingine saba.

Ilikuwa mwezi 29 Ramadhani, alasiri, na mimi nimeamua kichwani mwangu kwamba kesho ni Idi. Nilikata matikiti mawili mazima. Masinia matatu ya miezi yakaingia kwenye friji. Baada ya magharibi tukakaa na redio, isha ikapita, watu wanapigiana simu, na hatimaye tangazo likatoka: mwezi haukuonekana, tunakamilisha thelathini. Usiku huo umeme ukakatika. Jioni ya pili, Idi ilipothibiti, nilifungua friji nikakuta miezi yangu imelala kwenye maji yake, laini, na harufu ya kuanza kuchacha. Tikiti zima linaweza kukaa siku kadhaa jikoni bila kudai chochote. Likishakatwa halimsubiri mtu, wala halisubiri mwezi. Sasa matikiti yananunuliwa mapema, gilasi zinaoshwa, na tunakata asubuhi ya Idi wanaume wakiwa msikitini. Vya usiku wa kuamkia ni visheti na vya kugandisha tu.

Vya kugandisha ni malai ya ubuyu, na hapa naomba nikae kidogo kwa kuwa ndiyo napendwa nayo mtaani.

Ubuyu wa kununua, ule mwekundu wa pakiti, ni mtamu na mimi mwenyewe siuachi. Ila ukiupika mara moja nyumbani utaona sukari inayoingia, na rangi. Watoto wakiula ulimi na vidole vinabaki vyekundu mpaka kesho. Nilitaka ladha ile bila mambo yale. Ubuyu wenyewe ni mchachu, una vitamini C kwa wingi, na unga wake ukilowekwa unakuwa mzito, kwa hiyo malai haitoki kama barafu tupu. Mara ya kwanza niliukoroga ndani ya maziwa ya moto. Maziwa yakakatika mbele ya macho yangu, mabonge huku na maji kule, kwa uchachu wake. Niliyanywa mwenyewe kwa hasira.

Sasa naloweka ubuyu kwenye maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, nausugua kwa mkono mbegu ziachie, nachuja. Tui zito la nazi moja natia likiwa limepoa. Utamu unatoka kwenye ndizi mbivu, zile zilizoanza madoadoa meusi ambazo hakuna mtoto anayezitaka kwa kula. Nne kwa lita moja zinatosha, zinasagwa pamoja na iliki. Nikitaka rangi nachemsha rozela kavu kiganja kimoja, nachanganya maji yake, inatoka nyekundu ya kweli. Inamiminwa kwenye vikombe vidogo, vijiti vinasimikwa ikianza kushika. Maji lazima yawe yamechemka, hili sina mzaha nalo: miaka hii Idi ya Mfunguo Mosi imekuwa ikituangukia kwenye masika au mlangoni mwake, na masika visima vyetu na kipindupindu vinajuana. Kugandisha maji machafu hakuyasafishi.

Kashata za karanga nilizipunguza kwa sababu nyingine kabisa. Mtoto wa wifi yangu, hajatimiza miaka miwili, alipewa kipande na mkubwa mwenziwe, karanga nzima ikampalia. Uso ulibadilika rangi. Shangazi mmoja alimshika, akamlaza kifudifudi mkononi, akampiga mgongoni mara kadhaa kwa kiganja, karanga ikaruka. Yote hayo yalikuwa chini ya dakika moja, na mimi mpaka leo nikisikia mtoto anakohoa sikukuu nasimama. Nyumbani kwangu karanga zinasagwa, chembe chembe tu, maana wadogo wa chini ya miaka mitano hawawezi kuzitafuna sawasawa na hakuna anayeweza kusema mkubwa asimpe mdogo siku ya Idi. Kabla ya kusagwa zinachambuliwa, iliyosinyaa au yenye ukungu inatupwa, kwa kuogopa sumukuvu. Nazichanganya na tende zilizotolewa kokwa na nazi iliyokunwa ikakaangwa kidogo bila mafuta, tunaviringa kwenye ufuta.

Hizo tende, nilizitangaza mwanzo kama dawa, na nilikosea. Karibu theluthi mbili ya uzito wa tende ni sukari, na inanata kwenye jino kuliko kisheti. Faida yake ni kwamba ni tunda zima, ina nyuzinyuzi, na mtoto akila vidonge viwili anatosheka. Lakini meno yanapigwa mswaki baada yake kama baada ya kitu kingine chochote.

Kuna sehemu ya sikukuu ambayo sina mamlaka nayo. Wakishapata shilingi zao na kufika Mnazi Mmoja, kuna soda, kuna pipi, kuna vitu vya rangi ya samawati ambavyo sijui vimetoka kwenye mti gani. Mwaka wa kwanza niliwafuata nyuma nikihesabu. Ikawa karaha kwao na kwangu. Nikaja kugundua kwamba mtoto anayekwenda na njaa ndiye anayemaliza pesa kwenye pipi. Kwa hiyo alasiri, kabla ya kuvaa viatu, wanakaa chini: mbaazi za nazi na mkate wa mchele, au pilau iliyobaki, na maji. Wakishiba, pesa inakwenda kwenye mapembea. Sikusema pesa yote.

Wala sitaki mtu afikiri nimefaulu kuigeuza nyumba. Kaimati zinapikwa na shira yake, na ndimu yake, siku ya kwanza tu, zikiisha zimeisha. Halua inaletwa na kila mgeni na hatuwezi kumrudishia mtu halua yake mlangoni. Nimeacha kutangaza. Neno "afya" halitamkwi jikoni kwangu kuanzia kumi la mwisho la Ramadhani mpaka siku ya nne, maana nililigundua linaharibu ladha hata ya tikiti. Idi iliyopita mtoto wa jirani alifika kabla ya saa mbili asubuhi, hata salamu haijaisha, akaniuliza, "Mwezi umeshakatwa?" Nikampa gilasi akate wake.

Mama mkwe naye anapika vyake. Nusu kilo, vikombe viwili kamili vya sukari, visheti vikubwa, vyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Anavitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kulipandisha juu ya kabati la vyombo. Idi hiyo hiyo, mchana, nimeingia jikoni nikamkuta mwanangu wa pili, sasa ana miaka tisa na mapengo ya yale magego bado hayajajaa, amesimama juu ya kiti na kopo liko mkononi.

Akaniangalia.

"Bibi kasema nichukue kimoja."

Nikamwambia na mimi aniteremshie kimoja.